Kikombe cha Kwanza

"Nimekula nini ambacho nyinyi hamkula?"

Baba aliniuliza hivyo jikoni, mwendo wa saa kumi alasiri, akiwa ameketi kwenye kigoda cha Mama. Sikuwa nimewahi kumwona akiketi pale. Lakini kufikia siku ile alikuwa amekonda hadi baridi ya sebuleni ilimuuma wakati sisi wengine tulikuwa tunajipepea, na moto wa Mama ndio ulikuwa ukimtuliza. Alikuwa na bakuli la uji mapajani. Alitia kijiko, akakitoa, akakitazama, akakirudisha. Kisha akaniuliza. Aliniuliza mimi, si Mama, kwa sababu mimi ndiye niliyepelekwa Nairobi kusoma.

Nilisema, "Acha nikuongezee sukari, Baba."

Ilikuwa mapema miaka ya tisini. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo, na sisi wanafunzi tulikuwa tumeamriwa turudi makwetu, na kila Jumatatu tufike kwa chifu kutia sahihi kwenye daftari lake ili ijulikane hatujatoroka. Chifu wetu alinichukulia kama kichekesho. "Mwanamapinduzi wetu yuko?" alikuwa akisema nikiingia. "Weka sahihi hapa, halafu nenda ukapindue sufuria za mama yako." Makarani wake walicheka. Nami nilitia sahihi, nikarudi nyumbani kupindua sufuria.

Nilikuja nikiamini nitakaa wiki mbili. Nikakuta Baba hawezi kumeza ugali.

Baba alikuwa karani wa mizani katika ghala moja la kununulia tumbaku, kazi aliyoifanya zaidi ya miaka ishirini. Wakulima walimwogopa. Alijua robota la tumbaku lililonyunyiziwa maji ili lizidi uzito kwa kulishika tu, na alijua lililofichwa jiwe katikati kwa namna lilivyotua kwenye mizani. Alinuka tumbaku kutoka asubuhi hadi usiku lakini hakuwahi kuvuta hata sigara moja, na kwa sababu ya kanisa hakuonja pombe. Ghala lilipoletewa mizani mipya ya mshale, mawe ya mizani ya zamani yalitupwa nje, naye akajiletea mawili ya chuma, kila moja kilo mbili. Mlango wetu wa mbele ulikuwa wa mabawa mawili. Kila bawa lilizuiwa na jiwe lake.

Tulimpeleka Homa Bay. Ilibidi kwanza nimwombe chifu barua ya kuniruhusu kutoka, naye akaiandika polepole sana, akitaka nione anavyoiandika. Hospitalini walimnywesha Baba kinywaji cheupe kama chokaa, wakampiga picha. Daktari alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka sita au saba. Aliiinua picha kwenye mwanga wa dirisha ili nami nione. Ule weupe ulishuka kooni ukiwa mpana, kisha ghafla ukawa mwembamba, umekwaruzika, kama mkia wa panya.

"Mzee, ugali unashuka?" alimuuliza Baba.

"Unashuka kama mgeni asiyetaka kwenda kwao."

Daktari alicheka, halafu akanitazama mimi na kuacha kucheka. Alinieleza nje, koridoni. Ni kansa ya umio, ile njia ya chakula. Kuna hospitali kubwa ambako wanaweza kujaribu kuikata, lakini wanapokea wagonjwa wenye barua yake tu, na yeye hawezi kuandika barua ya mtu mwenye kilo arobaini na tano.

"Akilala kwenye meza ya upasuaji hivi alivyo, hataamka," alisema. "Mrudishe baada ya wiki tano. Akifika hamsini, naandika siku hiyohiyo."

"Na asipofika?"

"Mlishe afike."

Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi. Kilo tano, wiki tano.

Uji wa wimbi na mtama, niliotia njugu karanga zilizosagwa na yai. Supu ya samaki iliyochujwa kwa kitambaa. Ndizi zilizopondwa. Maziwa. Mara sita kwa siku. Alipomaliza bakuli moja ilikuwa karibu wakati wa lingine, na mara nyingi hakumaliza. Chakula kilishuka nusu, kisha kikarudi, nami nikashika karai. Kila alipotaka kitu aligonga kikombe kwa kijiko. Hadi leo sauti ya kijiko kwenye kikombe cha bati hunifanya nisimame kabla sijajua kwa nini.

Daktari alikuwa amesema chakula kiwe laini na vuguvugu. Siku ya kwanza niliupoza uji, nikampelekea. Alionja, akauweka chini.

"Uji huu umelala wapi?"

"Daktari amesema—"

"Daktari anywe wake."

Sikushangaa. Katika nyumba yetu kikombe cha kwanza kilikuwa cha Baba, na kilikuwa na sheria zake. Tangu nikiwa na miaka saba kazi ya kukipeleka ilikuwa yangu. Chai ilitolewa motoni ikitokota, ikamiminwa moja kwa moja kwenye kikombe chake, nami nikavuka nayo ua, kisahani juu yake, mbio bila kumwaga. Baba aliinua kisahani. Mvuke usipompiga usoni, nilirudi nayo jikoni. Alikunywa bila kupuliza. Alifanya hivyo mbele ya wageni, na wageni walipiga kelele, na mmoja wao alimpa jina la Koo la Chuma, jina lililompendeza. "Chai ya binti yangu hufika ikichemka," aliwaambia, nami nilisimama mlangoni nikijisikia mkubwa. Baada ya hapo alipelekewa cha pili. Kisha ugali wake, kisha mchuzi wake. Mama na sisi watoto tulimiminiwa mwisho, tukala jikoni, tukizungumza.

Kwa hiyo nilipompa uji vuguvugu alijiona amefanywa mtoto, au mbaya zaidi. Mama alinivuta kando.

"Mpe anavyotaka. Ukimpelekea chakula kilichopoa atadhani tumeshamzika."

"Mama, daktari amesema."

"Daktari amesema kilo. Akikataa utapata wapi kilo?"

Siku ya pili nilimpelekea ukitokota. Alikunja uso wakati wa kumeza, machozi yakamtoka, lakini aliumaliza. Nikaandika kwenye daftari langu: amemaliza.

Daftari hilo lilikuwa la chuo, bado lilikuwa na maelezo ya mihadhara kurasa za mbele. Kurasa za nyuma niliorodhesha kila kitu ambacho Baba alikuwa amekula maishani, kwa kadiri Mama alivyokumbuka. Nilitaka kumpata mhalifu. Samaki wa kukaushwa kwa moshi? Sote tulimla. Magadi ya majivu ambayo Mama alilainishia mboga? Sote. Mahindi yaliyopata ukungu mwaka wa mvua nyingi? Sote, na mimi ndiye niliyeyachagua. Dawa ya kunyunyizia tumbaku? Baba hakuinyunyizia, alipima tu majani yaliyokwisha kukauka, na wakulima wenyewe walikuwa wakila ugali vizuri. Niliweka mistari juu ya kila jina hadi ukurasa ukawa mistari mitupu. Kisha nililifunga daftari na kwenda kukoroga uji.

Miaka ile mtu akikonda kwetu, majirani hawakuuliza, walidhania tu ni UKIMWI. Walikuja kusalimu, wakakaa ukingoni mwa kiti, wakasema wameshakunywa chai huko watokako. Nilitamani kuwaonyesha ile picha. Nilitamani pia kuwauliza kama kweli kikombe kingewadhuru, lakini sikuwa na nguvu ya kuanza.

Dada yake Baba, shangazi yangu niliyemwita Waya kama tunavyowaita mashangazi kwa Kijaluo, alikuja na maelezo yake. Alisema ni chira, ule ugonjwa wa kukonda unaomfuata mtu aliyevunja mwiko. Baba aliezeka nyumba yake kabla ndugu yake mkubwa hajaezeka yake. Waya alikuwa ameleta mizizi ya kuchemsha.

"Waya," nilimwambia, "kama ni mwiko, mbona umemkamata kooni peke yake?"

"Kwani ulitaka umkamate wapi? Kisigino?"

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Hata Baba alicheka, akakohoa, nikashika karai.

"Na wewe na vitabu vyako," Waya aliendelea, "vimesema nini? Hebu soma tusikie."

"Havijasema."

"Basi chemsha mizizi."

Nilichemsha. Nilichemsha kwa sababu maji ni maji, nikaongeza asali ili angalau yapate uzito. Nilikuwa mtu niliyemuuliza profesa maswali hadi akaniomba nikae chini, na sasa nilikuwa nachemsha mizizi ya chira na kuandika kwenye daftari: nusu kikombe.

Kila Ijumaa tulimpima kwenye mizani ya mfanyabiashara wa mahindi sokoni, ile ya kupimia magunia. Mwenye duka aliwasogeza wateja. Baba alipanda, akasubiri chuma kitulie, akasoma mwenyewe. Hakuruhusu mtu mwingine asome.

"Mizani hii inaiba nusu kilo," alimwambia mwenye duka.

"Jaduong', mzee wangu, basi leo imekuibia wewe."

Wiki ya kwanza, arobaini na tano. Ya pili, arobaini na sita.

Wiki ya tatu Mama, ambaye kwao ni Ntimaru, alileta maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, ya kwao Wakuria, mazito na baridi. Baba aliyadharau tangu zamani. Kwetu tulizungumza Kiswahili nyumbani kwa sababu ya wazazi hao wawili, na moja ya sentensi za Kiswahili nilizozisikia mara nyingi utotoni ni Baba akisema maziwa ya shemeji zake ni ya kuwapaka ndama. Lakini siku hiyo alikuwa amechoka kubishana. Alikunywa. Yalishuka. Hayakurudi. Alinyoosha kikombe kutaka mengine, na sisi wawili, Mama na mimi, hatukuthubutu hata kutazamana.

Kwa siku tisa alikunywa maziwa yale, na tumbo lake, lililokuwa likimsumbua muda wote, lilitulia. Nilimuuliza Mama ni kwa nini. "Yamelala usiku mzima yakifanya kazi," alisema, "tumbo halina la kufanya." Niliandika hilo pia. Ijumaa mshale ulisimama kwenye arobaini na saba, na Baba alishuka kwenye mizani kama bwana harusi.

Kisha njia ikazidi kufunga. Maziwa nayo yakaanza kurudi. Wiki ya nne, arobaini na sita na nusu. Nilianza kuamka alfajiri nikihesabu mabakuli. Nilianza kumchukia, nasema kweli, kwa kila kijiko alichokiacha. Nilimwambia mara moja, "Baba, unataka kufa?" Alirudisha kijiko bakulini, akasema, "Mimi nataka barua."

Asubuhi ya kwenda Homa Bay mlango wa mbele ulikuwa unajipigapiga kwa upepo. Mama alitoka akilalamika, akaufunga kwa kitambaa. Sikulitilia maanani. Nilikuwa natafuta barua ya chifu.

Baba alivaa koti lake zito la kazini, lile la rangi ya kahawia. Jua la Homa Bay linajulikana, na tuliposhuka garini karibu na hospitali shati langu lilikuwa limelowa. Yeye alitembea polepole, ameinama mbele, akisimama kila baada ya hatua chache.

"Nipe koti nikubebee."

"Liache."

"Baba, utaanguka."

"Nikianguka nitaanguka na koti langu."

Kwenye chumba cha kupimia, nesi alimwambia avue. "Nasikia baridi, dada," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya kuomba. Nesi alimwonea huruma. Baba alipanda. Nesi alisukuma kile kijiwe cha mizani kwenye fimbo yake, akakisukuma tena.

"Hamsini na moja! Mzee, hongera! Huyu binti amekulisha."

Daktari alinipa mkono. Alikuwa na furaha ya kweli. Nadhani kwa siku yake habari njema hazikuwa nyingi. Aliketi, akatoa karatasi, akaanza kuandika barua. Nilisikia kalamu. Nilijua kwamba Ijumaa, siku nne nyuma, ilikuwa arobaini na sita na nusu. Nilitazama koti. Lilining'inia sawasawa pande zote mbili, limenyooka, kama lililopigwa pasi kutoka ndani. Nikakumbuka mlango.

Baba alikuwa ananitazama. Alijua kwamba nimejua. Macho yake hayakunitisha wala hayakunisihi. Yalikuwa yanasubiri tu, kama alivyosubiri chuma kitulie.

Nilikuwa na muda wa mistari miwili mitatu ya kalamu. Nikinyamaza, anapata barua aliyoitaka, anapandishwa kwenye meza, na haamki. Au anaamka, daktari naye anaweza kukosea, nani amempa yeye kilo hamsini kama mpaka, kwa nini si arobaini na sita? Swali hilo nililiuliza moyoni kwa nguvu zangu zote, kwa sababu lilikuwa swali lililonifaa. Nikisema, tunarudi nyumbani, kwa kijiko na karai, na hakuna wiki nyingine tano. Chumba hakikuwa na dirisha kubwa. Nilihisi joto la koti lile kama nimelivaa mimi.

"Daktari," nilisema. "Mpime tena bila koti."

Hakuna aliyeuliza sababu. Baba alifungua vifungo mwenyewe, kimoja kimoja. Alilivua na kunikabidhi, na mikono yangu ikashuka kwa uzito. Mawe mawili ya mizani, yameshonewa ndani ya bitana kwa uzi wa gunia, mshono mzuri wa mtu aliyefunga marobota miaka ishirini. Alipanda tena. Arobaini na sita.

Daktari aliweka kifuniko kwenye kalamu. Hakuichana ile karatasi. Aliikunja mara mbili na kuitia mfukoni mwake.

Tuliketi kwenye benchi nje, koti likiwa katikati yetu. Baba ndiye aliyeanza kusema.

"Uliona nini kwanza? Koti au mlango?"

"Koti. Halafu nikakumbuka mlango."

Alitikisa kichwa. "Mimi ningeona mlango kwanza." Akaongeza, "Ningekukamata tu. Wakulima wengi walilia mbele yangu, na watoto wao wakiwa nyuma yao. Niliwakamata wote."

Hadi leo sijui kama alikuwa ananisamehe au ananihukumu. Nimeigeuza sentensi ile pande zote.

Nyumbani hakuna aliyetaja kilo tena. Mama aliyafumua mawe na kuyarudisha mlangoni. Mimi niliacha kuandika kwenye daftari. Na kwa kuwa hapakuwa na la kupigania, nilimpa Baba alichopenda: asubuhi na jioni nilivuka ua na kikombe, kisahani juu, mbio bila kumwaga. Aliinua kisahani, akaacha mvuke umpige usoni. Kufikia mwisho hakuweza kunywa zaidi ya kuulowesha ulimi, lakini aliutaka ule mvuke. Alifariki wiki ya saba baada ya siku ile. Wiki mbili baadaye redio ilitangaza chuo kimefunguliwa, na chifu akanipigia mhuri wa mwisho. "Nenda," alisema, bila mzaha.

Sikwenda kusomea udaktari, kama watu walivyodhani ningefanya. Nilifundisha, nikazaa, nikahamia mji mwingine. Nilikuwa nimeshapita umri aliokuwa nao Mama mwaka ule, niko kwenye foleni ya kliniki kwa sababu ya tumbo langu mwenyewe, nesi alipotukusanya kutuzungumzia chakula. Alisema siku hizi wanachunguza hata bakteria wa utumbo, na wale waliomo kwenye maziwa mala, yale yaliyoganda, na namna wanavyoweza kumsaidia mgonjwa kuvumilia matibabu. Nikamkumbuka Mama na kibuyu chake. Kisha nesi akageukia koo. Nilimwomba arudie, akarudia. Sikumwamini. Nilikwenda nyumbani nikasoma mwenyewe usiku na mchana, kila nilichoweza kukipata, nikitafuta mahali pa kulipinga jambo lile.

Baba hakula chochote ambacho sisi hatukula. Chungu kilikuwa kimoja, sufuria ya chai ilikuwa moja. Hakuna anayeweza kuniambia kwa hakika kilichomuua mtu mmoja, na nimeuliza. Lakini hili ndilo lililokuwa limeandikwa, kwa maneno makavu, na sikupata pa kulipinga: kunywa vitu vya moto sana kwa miaka mingi, vikiwa havijapewa dakika chache za kupoa, huongeza hatari ya kansa ya umio, bila kujali ni chai, ni uji au ni maji matupu.